Yule Mama Asiye na Mdomo

Nekesa mama,

Umeenda mtaa wa Olympic kuwaaga rafiki zako, umeniachia nyumba na sanduku lako lililofungwa kwa kamba, kwa sababu zipu yake, kama kawaida ya vitu vyetu, imekataa kazi siku inayohitajika. Nimepata nafasi ya kukuandikia kabla hujarudi. Kesho uwanja wa ndege kutakuwa na watu wa kanisa, picha na nyimbo, na mimi nikishaanza kulia huwa sisemi neno la maana.

Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia ule vizuri, uombe, uwaogope wanaume wenye maneno matamu. Hayo nimekuimbia tangu ulipoota meno, na uliyoyashika umeyashika. Nataka kujibu swali lako la jana.

Ulikuwa unakunja nguo, ukaniuliza bila kuniangalia, "Mama, kwa kitabu ya pili, Wafula arudi ama asirudi?" Mimi nikaendelea kuparua magamba, nikakujibu, "Hiyo ni kitabu yako. Mimi nauza samaki." Nilikuona ulivyoikunjua ile blauzi na kuikunja upya. Nisamehe. Lilikuwa jibu la woga, na nilikuwa na sababu ya kuogopa ambayo nimekuficha tangu mvua hizi zilipoanza. Utaifikia humu ndani. Vumilia tu, mama yako hajui kuandika kwa mkato.

Kwanza ujue kwamba kitabu chako cha michoro nimekisoma. Nilikudanganya kwamba macho yangu hayawezi herufi ndogo. Macho yangu hayana shida yoyote. Nilikisoma mezani kwangu, mchana, wateja wakisubiri, na samaki mmoja akaungua kabisa kwa ajili yako. Watoto wanne wa mtaa wetu wa zamani, Laini Saba, wanatoroka makwao, kila mmoja na uwezo wake. Yule mdogo anayesikia kinachosemwa nyuma ya kuta za mabati, ploti nzima, chumba kwa chumba. Yule msichana, Taa, ambaye akigusa ukuta stima iliyopotea inarudi na balbu zinawaka. Yule mnene asiyeshikwa na moto. Na mkubwa wao, anayekimbia juu ya mapaa na bati lisilie hata kidogo.

Watu wanakusifu ati umewatunga. Wewe na mimi tunajua ni watoto wa Wafula. Kaka yako ndiye aliyewatunga, mlipokuwa mnalala nyuma ya lile pazia la maua, yeye akisimulia kwa kunong'ona na wewe ukichora nyuma ya kalenda zangu za kanisa. Mlidhani nimelala. Nilikuwa nasikia kila kitu, nikicheka ndani ya blanketi, hasa yule mnene alipookoa chapati kwenye nyumba inayoungua kabla hajaokoa watu. Ningewaambia kwamba nasikia. Ningecheka kwa sauti hata siku moja, ajue kwamba mama yake anapenda hadithi zake. Sikufanya hivyo, nilikuwa najifanya mkali.

Sasa ile jioni. Ulikuwepo, lakini ulikuwa mdogo, na hukujua nimetoka wapi. Siku ile mwanamke niliyekuwa namfulia, kule kwenye nyumba za ukuta mrefu, alinipekua mkoba mbele ya watoto wake akitafuta kijiko. Hakukipata, na hakuniomba msamaha. Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani nikiwa na aibu ile. Nafungua mlango, namkuta Wafula kitandani na kompyuta ya kubeba mapajani, anatabasamu mpaka masikioni.

"Umetoa wapi?" nikamuuliza.

"Mathe, tulia. Ni ya fundi wa pale kwa reli. Amenipea nimchoree picha ya duka yake."

"Fundi gani anapea mtoto laptop?"

"Si uskize kwanza, mathe. Skiza tu."

Sikusikiliza. Nilikuwa nimeitwa mwizi mchana kutwa bila neno lenyewe kutajwa, na sasa nikaona kwamba yule mwanamke alikuwa na haki, kwamba sisi ndivyo tulivyo. Nikasimama mlangoni, nikapiga kelele kwenye korido ya ploti, "Mwizi! Jamani, nimezaa mwizi!"

Nilitaka akina mama wenzangu watoke wanisaidie kumgombeza. Hilo tu, Nekesa. Nilitaka aone haya. Lakini nilikuwa nimekaa Laini Saba muda wa kutosha kujua kwamba neno lile halipigiwi kelele pale kwa mchezo. Likitoka mdomoni hulimiliki tena. Milango ikafunguka. Hakuna aliyesikia "nimezaa". Walisikia lile la kwanza. Wakaja watu wa ploti za jirani ambao hawakumjua, huyu na jiwe, yule na chuma, na mimi nikawa nawavuta mashati, "Ni mtoto wangu! Achaneni naye, ni mtoto wangu!" Saa kama ile nani humsikia mwanamke mmoja?

Wafula akapanda ukuta, akatokea juu ya mapaa, akakimbia kuelekea reli. Katika kitabu chako bati halilii. Siku ile mabati yalilia, mama. Nilisikia kila hatua, paa kwa paa, mpaka sikusikia kitu.

Kesho yake asubuhi fundi alikuja kuulizia kompyuta yake. Alikuwa mtu mpole. Alisema kijana wangu ana mkono mzuri na kichwa kizuri, na alikuwa anataka kumpa kazi ya kudumu. Nikamrudishia kitu chake kikiwa kimefungwa kwenye leso yangu, nikashindwa hata kumkaribisha chai.

Mengine unayajua. Tulizunguka polisi, tukazunguka hospitali, tukaenda kule ambako watu huingia wameziba pua. Wafula hakuwepo. Hiyo ilikuwa habari njema, na nililia kwa shukrani pale nje kama mwendawazimu. Tukabandika picha yake kwenye nguzo na milango ya vioski, na chini yake namba yangu ya simu. Ukawa unabandika wewe, kwa sababu mimi nilikuwa naibandika picha kichwa chini bila kujua.

Halafu watu wakaanza kupiga. Huyu amemwona Mombasa, atume nauli. Yule anaye nyumbani kwake, ni mgonjwa, tuma ya dawa. Kuna kijana alinipigia akajifanya ndiye Wafula, akilia, na nyuma yake nikasikia wenzake wakicheka. Kila simu ilipolia moyo wangu ulipanda, kisha ukaporomoka. Ukafika wakati nikawa naogopa simu yangu kuliko kitu kingine chochote. Siku moja, nikiwa kwenye foleni ya maji, nikaitoa ile laini ya simu, nikaivunja kwa meno, nikaitupa mtaroni. Nikanunua nyingine. Wewe nilikuambia simu imeibwa.

Tukahama pia. Nilikuambia kodi ya Kawangware ni nafuu, na haikuwa nafuu. Ukweli ni kwamba sikuweza kupita ile korido. Kila jirani aliyenisalimu nilikuwa najiuliza kama siku ile alishika jiwe. Baadaye ploti yenyewe ikavunjwa kupisha barabara, na majirani wakatawanyika kila mtu na lake. Kwa hiyo ukitazama vizuri, mwanangu, nilizima simu, nikahama nyumba, kisha nikakaa nikasema mtoto harudi.

Na bado sikuwa nimemaliza. Ukaja ule mwezi wa nane tulipoitwa nyumbani kijijini, na baba yako mdogo Simiyu akanikalisha na wazee. Walisema roho ya kijana inatangatanga, watoto wa boma wanaota ndoto mbaya, na aliyepotea namna hiyo huzikiwa shina la mgomba badala ya mwili wake, ili apumzike na walio hai wapumzike. Unajua ni desturi yetu, na siitukani desturi. Wapo waliozikiwa migomba ambao kweli walikuwa wamekufa, na mama zao wakapata pa kuweka maua. Lakini mimi sikukubali kwa sababu ya desturi. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kungoja. Neno "wapumzike" ndilo lililonivuta.

Wakakata mgomba wa nyuma ya jiko, wakaufunga shuka jeupe, wakachimba kaburi la saizi ya mtu. Nilirusha udongo. Ilipofika zamu yako, ukaikunja mikono nyuma, ukasema watu wote wakisikia, "Mama unazika ndizi, na mtoto wako yuko nje na njaa." Simiyu akakuambia uondoke. Ukaondoka, ukaenda kukaa barabarani mpaka giza, na mimi nikabaki nikila wali wa matanga.

Tangu siku ile watu wakaacha kuniita Mama Wafula. Hakuna aliyekaa kikao kuamua. Mkubwa akishazikwa, jina linashuka kwa anayefuata, nikawa Mama Nekesa, kanisani, sokoni, kila mahali. Nakupenda na jina lako ni zuri. Lakini mara ya kwanza nilipoitwa hivyo sikugeuka, nilidhani wanamwita mwingine.

Wewe uliacha kuzungumza nami, isipokuwa yale ya chumvi na maji. Nilidhani ni ukaidi wa umri. Kumbe ulikuwa unachora. Nilikuwa nimemzika, na wewe, kitandani ng'ambo ya pazia, ulikuwa unamkimbiza juu ya mapaa kila usiku ili asishikwe. Ningekuwa na akili ningekaa nikuchongee penseli.

Sasa nifike kwenye nililokuficha.

Mvua zilipoanza, mwenye ploti wetu, Mama Wanjiku, alikuja mezani kwangu na simu ya mjukuu wake. Unamjua, akitaka jambo haanzi na salamu. Akaniwekea kioo usoni, "Mama Nekesa, kuja uone. Hii story ya msichana wako, si huyu ni wewe? Hii leso si ni ile yako? Lakini mbona hana mdomo?"

Nilikuwa nimekisoma kitabu na sikuwa nimeliona hilo. Nikatazama tena. Kweli. Kila ukurasa niliomo umenichora na macho, pua, mikono yangu ya samaki, kiuno ambacho sijawahi kuwa nacho, ahsante. Mdomo umefunikwa na leso, au mtu amesimama mbele yake, au nimegeukia jikoni. Na ile jioni umeichora. Umati unatoka gizani na hakuna aliyeuita. Neno "Mwizi!" liko hewani kwa herufi nyekundu, halina mwenyewe.

Nikaelewa kwamba umenikinga. Ulijua aliyepiga kelele, ulikuwa umesimama kando yangu, na mbele ya watu wote hawa wanaosoma ukaamua kumfichia mama yako. Nilifunga meza mapema, nikaja nikakaa humu ndani nikalia. Nilikuwa nimekuonea kwa miaka, nikidhani unanichukia.

Na katika kulia kule nikashikwa na wazimu, nikaipiga ile namba yangu ya zamani. Sijui nilitegemea nini. Ilipokelewa na mwanamume.

Nikajieleza, nikaomba radhi, nikamwambia hii ilikuwa laini yangu. Akaniuliza, "Wewe ndiye Mama Wafula?"

Nekesa, nilikaa chini sakafuni.

Akasema, "Mimi nilinunua hii laini dukani tu, madam, namba zikiachwa huuzwa tena, sina makosa. Lakini kuna kijana alikuwa anapigapiga. Hata kabla sijasema halo, yeye husema, 'Mathe?' Nikimwambia hii si ya mathe wako, anakata. Alikuwa anapiga na namba za watu, kila saa ingine. Mara ya mwisho aliniuliza kama ulikufa."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia sijui. Ningemwambia nini, na mimi sikujui?"

Zile namba alizopigia hazipo tena, simu ya huyo bwana ilipotea na kila kitu kilichokuwamo. Nilimwomba aniuzie laini. Akasema mshahara wake unapitia humo na mkewe anaijua hiyo tu. Aliniahidi kijana akipiga tena atampa namba yangu. Kila Jumapili nikitoka kanisani nampigia kumuuliza, na sasa ananijibu kwa huruma hata kabla sijasalimu. Hajapiga.

Kwa hiyo mimi nilimzika mwanangu akiwa hai, na yeye huko aliko pengine amenizika mimi. Ameshalia, ameshanyoa, ameshazoea. Hilo ndilo lililonifunga kinywa jana. Nilitaka kukuambia tangu siku ileile, lakini kila nilipokutazama ukiandaa safari yako kwa furaha, nikaona kwamba nikisema hutapanda ndege, utarudi Laini Saba kubandika picha kwenye nguzo. Sitaki. Panda ndege. Kule unakokwenda kuchora kitabu cha pili ndiko utakakomtafuta vizuri zaidi, na nitakuambia jinsi ya kufanya.

Uliniambia kampuni inayokuchapishia inataka watoto warudi nyumbani katika kitabu cha pili. Wasomaji wameandika wakiomba, wanataka ukurasa wa mwisho mama amkumbatie mkubwa wao. Najua ungeuchora vizuri. Najua ningeutazama kila siku mpaka karatasi ichakae.

Usimrudishe.

Ukimrudisha kitabuni, tutapumzika, wewe na mimi na hao wasomaji wote, na mapumziko ya namna hiyo nimeyajaribu, nimeyaona. Ni mgomba mwingine tu, huu wa rangi. Waache wanne wale wakae mbali na nyumbani. Wape njaa, wape ugomvi, wape mahali pa kulala pasipovuja, yule mnene mpe chapati. Wakue. Wafula sasa ana ndevu, mchore na ndevu. Kaka yako akikutana na kitabu hicho popote, kwenye simu ya mtu, kwenye duka la mtu, atawajua watoto wake kabla hajasoma neno. Hakuna mwingine duniani aliyewasikia nyuma ya lile pazia, isipokuwa sisi watatu.

Lakini fikiria pia atakachokiona. Kitabu cha kwanza pengine ameshakiona. Akamwona mama asiye na mdomo, amesimama mlangoni kama picha ya marehemu, akajiambia, ni kweli basi, alikufa, Nekesa anamkumbuka tu. Ulinikinga kwa upendo, na nakushukuru, na naomba uache kunikinga. Hukunidhuru. Ila kuna mtu mmoja anayehitaji kuona nikisema, na sina njia nyingine ya kumfikia.

Kwa hiyo anza kitabu cha pili na ile jioni, ilivyokuwa. Nichore mnene nilivyo. Toa leso. Nifungue mdomo wote, meno yaonekane hata lile lililooza, na lile neno jekundu ulitoe kwangu, kila mtu aone lilikotoka. Wataniita mama mbaya huko kwenye mitandao. Waache waseme, pengine wengine watajifunza kuwasikiliza watoto wao kwanza. Kisha bati lilie chini ya miguu yake. Asikie kwamba tulisikia.

Na ukurasa wa mwisho usichore mji wala anga wala mtu akiruka. Nichore mimi peke yangu, na katika lile puto la maneno andika hivi: "Wafula, mimi sikufa. Ulikuwa unasema kweli. Nipigie." Chini yake weka namba yangu ya sasa, tarakimu zote, kubwa, zisomeke hata kwenye simu iliyopasuka kioo.

Kampuni watakataa. Watasema watu watanisumbua, na ni kweli watanisumbua. Watapiga wahuni, watapiga watoto wa shule wacheke wakate, watapiga wale wa kuomba nauli na dawa. Wakati ule walinishinda. Sasa waambie mama amesema namba iwekwe. Simu zote nitazipokea, Nekesa, na kila nitakayoipokea sitasema halo. Nitanyamaza kwanza, nimpe nafasi aseme, "Mathe?"

Mama yako